Shajara ya mradi: mzinga wa Königsberg juu ya magurudumu, kipimo cha 1/56

Wiki ya 1: hesabu kabla ya gundi

Kinachojengwa ni mfano, mdogo mara 56 kuliko kitu chenyewe, wa mzinga mmoja wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ukiwa juu ya gari la nchi kavu, pamoja na wapiga mzinga 6 na wapagazi 24 wanaouvuta kwa kamba. Ni kwa ajili ya meza ya mchezo wa vita wa sanamu za mm 28. Mradi ukiisha kuwe na karatasi moja ya sheria na pambano moja ambalo limechezwa na kurekebishwa.

Kwa wasioijua: Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914 ikiwa na mizinga 10 ya aina hii. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Ilikaa humo hadi Julai 1915, Severn na Mersey, manowari bapa zinazoweza kupita maji machache, zilipoingia mtoni na kuipiga huku ndege ikiwaonyesha wapigaji makombora yanaangukia wapi. Kapteni Max Looff akaamuru meli ilipuliwe hapo hapo. Maji hayakuwa na kina cha kuimeza. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10, ikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, na karakana za huko zikaifungia magari. Mmoja ulipanda meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ile tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Mmoja ulilipuliwa na wenyewe huko Kahe, Machi 1916, Waingereza walipokaribia. Mei 1916 Kondoa Irangi ilipigwa kwa mizinga hii wakati askari wa Afrika Kusini wa Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, wamekwama humo kwa mvua na njaa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipovuka Ruvuma Novemba 1917 hakuwa na hata mmoja. Mmoja mmoja ilikuwa imevunjwa au kuachwa njiani.

Hayo ndiyo yanayoamua mradi huu uende vipi. Mtutu huu ukiinuliwa nyuzi 30 hufikisha kombora mita 12,200. Kwa 1/56 hizo ni mita 218 za sakafu, na meza yetu ina sm 180 kwa 120, yaani uwanja wa mita 100 kwa 67 tu. Hata wanaofupisha umbali kwa kuhesabu inchi moja kuwa mita 10 watahitaji ukumbi wa mita 31. Kwa hiyo mzinga huu unapopiga kweli kweli, hauko mezani. Uko nyuma ya vilima, na kinachoonekana mezani ni makombora yake yanayoanguka. Anayeuweka katikati ya meza apige watu walio kichakani hatua themanini mbele anacheza vita vingine, si vya 1916. Mahali pake mezani ni barabarani, ukivutwa, adui akiwa nyuma na mto ukiwa mbele. Tunaujenga uwe mzigo wa kuokolewa. Ndiyo maana wapagazi 24 si mapambo, ni nusu ya kazi yenyewe.

Vipimo. Urefu wa mtutu ni mara 40 ya upana wa tundu lake: 10.5 × 40 = sm 420, na kwa 1/56 ni mm 75 kamili. Tundu lenyewe ni mm 1.9. Hivi viwili havina ubishi na ndivyo vinavyoshikilia vingine vyote. Gari halina kipimo cha kiwandani cha kufuatwa, kwa sababu lilikuwa kazi ya karakana wakati wa vita, kwa chuma na mbao zilizopatikana. Njia iliyotumika ni kuchukua picha ya zamani iliyopigwa ubavuni, kupima mtutu kwa rula juu ya picha, kisha kuugeuza mtutu huo kuwa fimbo ya kupimia gurudumu na mkia. Njia hii inakubali picha ya ubavuni tu. Picha ikiwa imepigwa kwa kukingama, mtutu unafupika lakini gurudumu halifupiki kwa kiasi kile kile, na utapata gari la kuvutwa na majitu. Tumeamua gurudumu la mm 27, sawa na mita 1.5. Huo ni uamuzi wa mfano huu, na mwingine akifika mm 25 au 29 kwa picha yake hatutagombana naye.

Aliye Mombasa ana bahati. Mmoja wa mizinga ya Königsberg umesimama nje ya Fort Jesus, jirani na mmoja wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria, mwingine Jinja. Ukienda kupiga picha, simama mbali, mita 10 au zaidi, kisha vuta karibu kwa lenzi badala ya kusogea kwa miguu. Ukisogea, mdomo wa mtutu unavimba kwenye picha na vipimo vyote vinaharibika. Weka kijiti cha mita moja sambamba na mtutu, si chini kwenye majani.

Wiki ya 2: mtutu

Tulianza na mtutu uliochapwa kwa mashine ya resini. Ulitoka vizuri, na baada ya siku tatu ulikuwa umepinda kama upinde, mm 2 kwenye ncha. Sababu ni unene. Kitu cha mm 75 chenye kipenyo cha mm 3 mbele kinaendelea kukauka upande mmoja kuliko mwingine, na joto la chumba linamalizia. Unaweza kuunyoosha kwa maji ya moto, utapinda tena. Kwa mtutu wa urefu huu tumia chuma.

Mirija ya shaba ya njano inayoingiana ndiyo jibu: kipenyo cha nje mm 3, 4, 5 na 6. Wa mm 3 una tundu la mm 2, karibu kabisa na mm 1.9 tunayoitaka, kwa hiyo hakuna haja ya kutoboa mdomo. Vipande vyetu ni hivi: mm 3 urefu 73, mm 4 urefu 50, mm 5 urefu 33, mm 6 urefu 17. Vyote vinalingana nyuma, na kila kimoja kinakoma mapema kuliko kilicho ndani yake, hivyo mtutu unanenepa kwa ngazi kuelekea nyuma. Nyuma kabisa ni kipande cha plastiki cha mm 6.5 kwa 6.5 kwa 7, kimetobolewa mm 5 ndani ili mirija iingie. 73 jumlisha 7 toa 5, ni 75.

Kukata: usitumie koleo. Koleo linabana mrija, na mrija uliobanwa hauingii kwenye mwenzake. Weka mrija juu ya ubao, bonyeza wembe wa kisu juu yake na uuviringishe mbele na nyuma hadi ukatike wenyewe. Wa mm 3 huchukua viringisho 20 hivi. Kisha pitisha tupa laini kwenye kingo, na ncha ya kisu ndani ya tundu kuondoa ukingo uliogeukia ndani. Ukingo huo hauonekani kwa macho, lakini ndio unaozuia mirija isiingiane.

Gundi: jaribio la kwanza lilitumia gundi ya supa na liliharibika. Nafasi kati ya mrija na mrija ni ndogo kuliko unywele, gundi inanyonywa humo na kushika papo hapo, na kwa unyevu wa pwani inashika haraka zaidi. Mrija wa mm 4 uligoma ukiwa umebakiza mm 20. Ulipashwa moto kwa kiberiti cha gesi ukaachia, lakini moshi wake unachoma macho na koo, fanya nje. Jaribio la pili lilitumia epoksi ya dakika 30: paka kidogo kwenye mrija wa ndani, ingiza huku unazungusha, futa iliyotoka kwa kitambaa chenye spiriti, simamisha wima usiku mzima.

Ngazi ya mbele kati ya mirija imejazwa puti na kusuguliwa kwa msasa namba 400, mtutu ukiwa umefungwa kwenye keekee inayozunguka polepole. Hapa ujizuie. Mtutu wa meli wa enzi ile ulijengwa kwa tabaka za chuma zilizovishwa moja juu ya nyingine, na ngazi zake zilionekana. Tulilainisha ngazi ya mbele tu, mbili za nyuma zimeachwa na kingo zake. Mtutu uliolainishwa wote unakuwa chupa.

Kizibo cha nyuma kwenye mzinga huu ni cha kabari inayoteleza kwa ulalo, si mlango wa bawaba kama kwenye mizinga mingi ya Waingereza. Kwa mfano huu ni mstari mmoja uliochongwa kila upande wa kipande cha plastiki na mpini wa waya wa mm 0.5 upande wa kulia. Kazi ya dakika 10, na ndiyo inayowafanya wanaojua mizinga wainame kuangalia.

Mtutu uliokamilika una gramu 7 na kitu. Ukilazwa juu ya ukingo wa kisu unasawazika mm 25 kutoka nyuma. Andika namba hiyo, wiki ijayo inahitajika.

Wiki ya 3 na ya 4: gari, likajengwa mara mbili

Mbavu mbili za plastiki ya mm 1.5, urefu mm 62, kimo mm 9 mbele zikipungua hadi 5 kwenye mkia, nafasi kati yake mm 14. Ekseli ni waya wa chuma wa mm 2, urefu mm 36. Mtutu unakaa kwenye kitanda chake, nusu ya mrija wa plastiki wa mm 8, chenye masikio mawili ya waya wa mm 1.5 yanayoingia kwenye mbavu mm 22 juu ya ardhi.

Masikio yako pale pale mtutu unaposawazika, mm 25 kutoka nyuma, na yamewekwa mm 2 nyuma ya ekseli. Tulipoyaweka mbele ya ekseli, gari lilianguka kifudifudi kila lilipoguswa, kwa sababu uzito wote wa shaba ulikuwa upande wa mdomo. Mm 2 zinatosha kulilaza juu ya mkia wake.

Kosa kubwa lilikuwa boriti ya kuunganisha mbavu. Gari la kwanza lilikuwa nayo mm 22 nyuma ya masikio, mahali ambapo jicho linaitaka. Mtutu ukaweza kuinuka nyuzi 8 tu, kisha kitako kikagonga boriti. Hesabu ni rahisi na ingefanywa mapema: kitako kiko mm 25 nyuma ya masikio, ukiinua mdomo nyuzi 30, kitako kinashuka nusu ya hizo, mm 12.5. Lazima kipite kati ya mbavu, na katika eneo hilo lote pawe wazi. Boriti za gari la pili ziko mm 6 mbele ya masikio, mm 32 nyuma yake, na moja kwenye ncha ya mkia. Sasa mtutu unafika nyuzi 30 bila kugusa kitu.

Tatizo hili si la plastiki peke yake, na hao wa karakana ya Dar es Salaam walilikuta kwa chuma. Mzinga wa meli umebuniwa kusimama juu ya nguzo iliyofungwa kwenye sitaha. Ukipiga, teke lake linapita kwenye nguzo na kumezwa na meli nzima. Uweke juu ya magurudumu mawili na teke hilo hilo, la kombora la kilo 16 hadi 17 linalotoka kwa mita 690 kwa sekunde, linapaswa kumezwa na mkia wa gari na udongo ulio nyuma yake. Ardhi ikiwa laini mkia unazama. Ikiwa ngumu gari linaruka nyuma. Kwa hiyo ncha ya mkia wetu ina bamba pana la mm 12 kwa 8 lililoelekezwa chini, na kwenye kitako cha sanamu, yaani kibao ambacho mfano unasimama juu yake, kuna magogo mawili ya kuzuia magurudumu, yaliyoachwa bila gundi ili yatolewe wakati wa kuvuta.

Magurudumu. Ya kwanza yalikatwa kwa leza kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao) ya mm 2. Ndani ya wiki moja yalikuwa yamejikunja kama kaki za mhogo. MDF inakunywa unyevu wa hewa kupitia kingo zilizokatwa, na spoku ya mm 1.2 ni kingo tupu. Ukitaka kuitumia, ichovye yote kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa nusu kwa nusu, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukipaka upande mmoja ndio unaharakisha kupinda. Sisi tumehamia plastiki: rimu ni pete iliyokatwa kwenye bomba la maji la plastiki lenye kipenyo cha karibu mm 27, upana mm 3, habu ni fimbo ya mm 6, spoku 12 za mm 1.2. Chora duara kwenye kadi, gawa kila nyuzi 30, bandika rimu juu ya mchoro kwa utepe, weka habu katikati. Spoku ziingie kwa jozi zinazotazamana, si kwa mfululizo wa kuzunguka. Ukizunguka, kila spoku inasukuma habu kidogo upande mmoja, na ya mwisho itakuta habu imehama mm 1. Gundi ya plastiki ya kawaida haishiki bomba la maji vizuri. Kwaruza ndani ya rimu kwa msasa namba 240 na utumie gundi ya supa nzito.

Ngao hatukuweka. Inaongeza uzito mbele na inaficha kitanda cha mtutu, na mzinga unaovutwa kwa mikono una haki ya kupunguziwa kila kilo.

Wiki ya 5: wapagazi na kamba

Je, 24 wanatosha? Mtutu na kizibo chake peke yake ni kama tani 1 na nusu. Tukichukulia mzigo mzima na gari kuwa tani 3, na barabara ya mchanga inayodai robo ya uzito kama nguvu ya kuvuta, tunapata kilo 750 za mvuto. Mtu mmoja kwa kazi ya kutwa hutoa kilo 15 hadi 20. Ni watu 38 hadi 50 kwenye tambarare. Mteremko wa kupanda mita 1 kwa kila mita 10 unaongeza 15 au 20 wengine, na tope linavuruga hesabu yote. Kwa hiyo kila sanamu inasimama kwa watu wawili: 24 ni 48, kiasi cha chini kinachosogeza chuma hiki kwenye ardhi kavu. Huko nyuma walivuta kwa mamia.

Sanamu za wapagazi zinazouzwa karibu zote zimebeba mizigo kichwani. Wanaovuta inabidi watengenezwe. Tulichukua miili 24 ya watu wanaotembea, tukakata kiunoni kwa msumeno mwembamba na kuinamisha kifua mbele nyuzi 20 hadi 25 kwa waya wa mm 0.8 uliopigwa katikati. Pengo la mgongoni likajazwa puti ya kijani. Mikono ni waya uliovikwa puti, yote miwili upande mmoja wa kamba. Kisigino cha nyuma kinyanyuke. Mtu anayevuta mzigo mzito hakanyagi kwa unyayo mzima, na hapo ndipo sanamu nyingi za wavutaji zinaposema uongo.

Nguo: kaniki na merikani kiunoni, wengine na kipande begani pale kamba inapopita. Hakuna viatu. Tusiwavalishe sare kwa kutaka safu ipendeze. Watu hawa walichukuliwa vijijini na shuka zao, na majina yao hayapo kwenye minara. Kilichobaki ni mitaa iliyoitwa kwa kikosi chao cha upande wa Waingereza, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Tunataka kwenye meza hii waonekane kwanza, kabla ya mtutu.

Kamba mbili za sm 42, wavutaji 12 kila moja, umbali wa mm 30 kati yao. Uzi wa pamba wa mm 0.5 peke yake unalegea na kuning'inia, jambo lisilowezekana kwa kamba inayovuta tani 3. Tulisokota nyuzi mbili juu ya waya wa shaba wa mm 0.3, tukachovya kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa, tukaining'iniza na nati ya gramu 20 chini hadi ikakauka. Kamba imenyooka na bado inapinda kwenye kona. Wavutaji wamebandikwa wanne wanne kwenye vitako vya mm 120 kwa 30, vipande sita, na kamba imekatwa kati ya vitako na kuwekewa ndoano ya waya. Kipande kimoja kikipotea vitani kinaondolewa bila kubomoa safu.

Wapiga mzinga 6: wanne ni mabaharia wa Königsberg waliovaa kaki, wawili askari wenye tarbushi zilizofunikwa kaki na bendeji za miguu za buluu.

Wiki ya 6: rangi

Shaba haikubali rangi ikiwa na mafuta ya vidole. Oga mtutu kwa siki dakika 5, kisha sabuni ya vyombo, kisha usiushike tena kwa mkono mtupu. Rangi ya msingi ya kijivu, mipulizo miwili myembamba. Juu yake kijivu cha meli, kikiwa kimechanganywa na nyeupe kidogo kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi halisi huonekana cheusi. Mbavu ni kahawia ya mbao iliyopigwa jua, rimu nyeusi iliyosuguliwa kwa unga wa penseli. Vumbi la magurudumu ni udongo mwekundu wenyewe, uliochekechwa kwa soksi ya nailoni na kushikwa kwa spiriti, ukipungua kadiri unavyopanda. Mkia una vumbi kuliko mdomo.

Vanishi isiyong'aa ndiyo inayoua kazi za watu wa pwani. Ukipuliza jioni ya masika, unyevu ukipita asilimia 80, inatua na ukungu mweupe na mtutu unakuwa kama umepakwa chokaa. Puliza kati ya saa nne na saa sita mchana siku ya jua, kopo likiwa limekaa dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu. Ikishaharibika, usisugue. Mpulizo mwembamba wa vanishi inayong'aa unarudisha rangi, kisha subiri siku kavu urudie.

Wiki ya 7: sheria na majaribio

Pambano ni la kurudi nyuma, 1916, halijifanyi kuwa tukio fulani. Meza ya sm 180, barabara moja, kijito kimoja chenye kingo za tope, kilima cha chini. Upande wa Kijerumani una mzinga, safu ya wapagazi, sanamu 20 za askari na bombomu (bunduki ya rashasha) moja. Wanaofuatia wana sanamu 30 za askari wa miguu na 12 za farasi. Mzinga ukivuka ukingo wa meza ndani ya zamu 12, Wajerumani wameshinda. Ukitekwa mzima, wameshindwa. Ukilipuliwa na wenyewe, ni sare.

Mwendo: wavutaji 24, inchi 4 barabarani, 2 kwenye mchanga, 1 kwenye tope. Kila kitako cha wavutaji kinachopotea kinapunguza inchi 1. Wakibaki chini ya 12 mzinga hausogei kabisa. Kupanda kilima kunahitaji wote 24, la sivyo tupa dadu: 1 au 2, gari linarudi nyuma inchi 2.

Kupiga: zamu 2 za kuzuia magurudumu na kuchimbia mkia, kisha risasi moja kwa zamu. Baada ya kila risasi tupa dadu. 1, mkia umeruka, zamu nzima ya kuurudisha. Melini mzinga huu uliweza risasi 15 kwa dakika. Hapa hauwezi, na hata ungeweza usingefaa: kombora, ganda na baruti vikiwa kwenye sanduku ni mzigo wa mpagazi mmoja, kwa hiyo watu 60 waliotembea siku nzima wangekwisha kwa dakika 4. Tumewapa risasi 6 tu, kila moja ikiwa na sanamu yake ya mchukuzi mezani. Mchukuzi akianguka, risasi hiyo imekwenda.

Kulipua: wapiga mzinga wawili na kombora moja lililobaki, zamu moja bila kufanya kingine, dadu 3 au zaidi. Sheria hii inawafanya wachezaji watunze risasi ya mwisho.

Michezo minne imechezwa. Katika wa kwanza Wajerumani walisimama kupiga mapema, wakatumia zamu 5 kwa risasi 2, wakatekwa kwenye tope. Katika wa pili mzinga ulitoka kirahisi mno, zamu ya 9. Sababu ni kwamba wavutaji hawakuwa na adhabu ya kupigwa risasi. Sasa kitako chochote kikipata mtu mmoja aliyeanguka, safu nzima inajaribiwa: dadu 1 au 2, wanatupa kamba na kujificha zamu moja. Wa tatu na wa nne zote mzinga ulilipuliwa, mara moja ukiwa inchi 5 kutoka ukingoni. Farasi wamepunguzwa kutoka 12 hadi 8. Walikuwa wanaizunguka meza yote kabla ya zamu ya 4, na nchi yenye mbung'o haikuwaacha farasi wakimbie hivyo kwa muda mrefu.

Wiki ya 8: yaliyobaki

Kitako cha mzinga, mm 60 kwa 100, kimepinda kidogo upande wa mkia. Kitapakwa gundi nyeupe chini na kubanwa kwenye jiliwa siku mbili. Magogo ya magurudumu yamepotea mara mbili mezani, mapya yatawekewa sumaku ya mm 2. Wachukuzi wa risasi 6 wapo kwenye rangi ya msingi. Pambano la tano litachezwa na farasi 8, mvua ikianza zamu ya 5 na barabara yote kugeuka mchanga kwa mwendo. Zamu 12 zikionekana chache, zitaongezwa hadi 14, lakini idadi ya wavutaji haitaguswa.